Wanaosikilizia Misa Dirishani

Kila Jumapili, kabla ya kengele ya kwanza, Hildegarda alifungua madirisha ya kanisa la chuo. Alianza na upande wa mashariki, kwa kuwa huko ndiko marehemu walikosimama.

"Shikamooni," alisema.

"Marahaba," walijibu, wakarudisha vichwa nyuma ili dirisha lisiwagonge.

Walikuwa manamba wa shamba la mkonge lililokuwa hapo, kati ya Kilosa na Mikumi, kabla ya chuo kujengwa. Walivaa magunia. Mikono yao ilikuwa na michubuko ya mkonge ambayo haikupona hata baada ya kufa. Walianza kuja masika yalipokwisha. Mmoja wao alikuwa Paulina, mama wa bibi yake Hildegarda.

Enzi zao, ndani ya kanisa hilihili walikaa Wazungu wa shamba. Waafrika walisikilizia Misa dirishani. Siku hizi mlango ulikuwa wazi kwa wote, na Padre Beda, mwalimu wa teolojia, alitoka mwenyewe kuwakaribisha.

"Asante, Baba," alisema Paulina. "Lakini sisi tulitolewa kwa tangazo. Padri alisimama altareni, watu wote wakasikia. Mturudishe vilevile. Semeni pale pale kwamba lilikuwa kosa, tutaingia."

Padre Beda alilifikisha jambo hilo kwa uongozi. Benchi la mbele bado lilikuwa na kibao cha shaba chenye jina la mwenye shamba, na wajukuu zake ndio waliojenga maktaba. Uongozi ukajibu kwamba marehemu wapokelewe kwa upendo, ila mambo ya zamani yasichokonolewe.

Wiki hiyo Padre Beda alifundisha ushirika wa watakatifu: walio hai na waliokufa ni mwili mmoja. Hildegarda hakuwa na mazoea ya kuongea darasani. Alinyoosha mkono.

"Baba, mwili mmoja unaweza kukaa nusu ndani, nusu nje?"

Padre aliutazama ubao. "Hilo ni fumbo," alisema, akaanza kufuta.

Jumapili Hildegarda alifungua madirisha, kisha akatoka na kusimama karibu na Paulina. Lupakisyo, kiongozi wa wanafunzi, akamfuata na wenzake, wamebeba bango la boksi lililoandikwa TUNASUBIRI TANGAZO.

"Wewe kijana, shusha hilo dude, simwoni padri," alisema Paulina.

"Samahani, Bibi. Tunadai haki yako."

"Haki yangu iko kule mbele. Na wewe ndiye unayeniziba."

Marehemu wakacheka. Lupakisyo akaliweka bango chini, akalikalia.

Tangu siku hiyo wanafunzi waliosali nje walizidi kuongezeka. Padre Beda aliwapa komunyo kupitia madirisha; vuli ilipoanza, yalibaki wazi, na mvua ikaingia ndani. Wanakwaya walilalamika kwamba kinanda kinalowa. Safari hii uongozi haukuchelewa. Nje, chini ya madirisha ya mashariki, ulijenga banda la mabati lenye mabenchi, feni na spika. Wajukuu wa mwenye shamba walichangia, na nguzo ya kwanza ikawekwa kibao cha shaba chenye jina lao.

Siku ya kulibariki banda, Padre Beda alikishukuru chuo kwa kutomsahau mtu yeyote.

"Tukatae kukaa, Bibi?" Hildegarda aliuliza.

"Kwa nini? Miguu inaniuma tangu nikiwa hai." Paulina alikaa, akasogea kumpisha. "Tutakaa, mjukuu wangu. Wakifika kwenye matangazo, tusimame."

Spika zilisikika vizuri. Baada ya komunyo walio ndani walikaa, na Padre Beda akafungua karatasi ya matangazo. Bandani, walio hai na waliokufa walisimama pamoja, mikono imefumbatwa, kama watu wanaosubiri Injili isomwe. Padre alitangaza mazoezi ya kwaya na simu iliyookotwa karibu na choo. Aligeuka akawaona dirishani. Aliikunja karatasi, akatoa baraka.

Jumapili iliyofuata Hildegarda alifungua madirisha, upande wa mashariki kwanza, ingawa kulikuwa na spika. Matangazo yalipofika, walisimama tena.