Sahani Zilizorudi Tupu

Sahani zilianza kurudi tupu. Ya kwanza nilidhani jirani yangu Nusra kasahau. Ya pili, labda sukari imemwishia. Ya tatu niliikuta imeachwa dakani, kwenye kibaraza cha mlango wangu, imeoshwa mpaka inang'aa, na aliyeileta hakupiga hodi. Hapa Chundwa sahani ya jirani hairudishwi tupu. Hata ndimu moja utaitia. Nikaketi nayo mapajani, nikaelewa.

Kabla ya hapo nyumba yangu haikuwa ikikauka watu. Posa zilivunjwa na kuungwa upya ukumbini mwangu, na hakuna habari iliyofika kijiji cha pili, Mbwajumali, kabla ya kupita kwenye birika langu la kahawa. Kisha tajiri mmoja akakatisha ua wa waya katikati ya njia yetu ya mashambani. Wanawake wakanisukuma mbele: "Bi Hindu, weye una mdomo, enda kanene!"

Nikanena mkutanoni. Mkubwa mmoja wa serikali aliyetoka bara hakunijibu habari ya waya. Aliutazama mkutano, akauliza polepole, "Huyu mama, nyuma yake yuko nani? Mnajua magaidi huanza hivi hivi?"

Basi. Neno moja tu, na birika likapoa.

Aliyebaki ni mpangaji wangu wa ghorofani, Bi Michelle, mwalimu mstaafu, Mmarekani mweusi aliyekuja kujifunza Kiswahili. Siku ya sahani ya tatu aliketi kando yangu.

"Kwetu Alabama, neno lilikuwa mkomunisti," akasema.

Yeye alikuwa mtoto. Baba yake alitaka kupiga kura kama Wazungu. Wakubwa hawakubishana naye juu ya kura. Walisema katumwa na Warusi, yeye ambaye hata Urusi yenyewe asingeijua kwenye ramani. Jumapili iliyofuata, weusi wenzake, kwa kuhofia vibarua vyao, wakahama benchi lake kanisani.

Nikamweleza alivyonishika mkono Nusra kisimani: "Mwambie yule mkubwa wa bara ulikosea, mwenzangu. Watu watarudi."

"Baba yako alikana?" nikauliza.

"Alisimama mbele ya kanisa, akaapa kwa Biblia."

"Wakarudi?"

"Wakasema, mkomunisti yeyote angekana vivyo hivyo."

Nilicheka, na kicheko kikanirudia kutoka ukutani.

Sikwenda kukana. Bi Michelle muda wake ukaisha, akaenda zake. Nikabaki na birika la watu kumi, na mimi mmoja. Ijumaa moja nilioka mkate wa sinia, nikampelekea Nusra mwenyewe, nikamwambia pale pale mlangoni, "Ile ndia ya mashamba ni yetu. Sikukosea." Alipokea sahani bila kuniangalia usoni.

Asubuhi ilikuwa dakani, imeoshwa. Ndani mna ndimu moja.

Nikaikamua kwenye gilasi mbili, nikafungua mlango wote. Yangu nikainywa taratibu, nikisikiliza nyayo za watu zikipita. Ya pili wakaionja inzi.

Mlango sikuufunga.