Salamu Ndani ya Kaseti

Mama mwenzangu, kama mtoto wako anashinda kwa kompyuta, soma hii. Mimi ni Rosebella wa Soweto East, hapa Kibera. Boaz ni kifungua mimba wangu.

Mwaka wa tisini na tisa alipata kazi Kawangware, duka la kupiga chapa barua. Laini ya simu ikaletwa, intaneti ikaingia. Boaz akaona kuna watu ng'ambo wanaweka nyimbo huko na yeyote anachukua. Wimbo mmoja ulikula asubuhi nzima kufika. Ukifika, anautia kwa kaseti, anauza.

"Boaz, mwenye wimbo anajua?" nilimuuliza.

"Mathe, hii iko hewani, kama redio tu. Nani alishikwa kwa sababu ya redio?"

Na kwa vile aliiona kama redio, akafanya vile watu wa redio hufanya. Unajua sisi na salamu. Katikati ya nyimbo aliweka sauti yake: "Huyu ni Boaz Opondo, Kawangware. Nasalimia mamangu Rosebella, popote alipo Soweto East. Ujumbe: tuko pamoja."

Jirani yangu Adhis alinunua kaseti hiyo, akaifungulia majirani wote wa ploti. "Wee Mama Boaz! Umekuwa supastaa! Kesho kwa mfereji utatujua kweli?"

Nilicheka. Nilifurahi, siwezi kudanganya.

Halafu polisi wakamshika. Mwanamuziki mmoja mzee alikuta wimbo wake unauzwa sokoni, na yeye hajawahi kuutoa. Boaz akakana. Askari akaniambia wazi, ushahidi wao ni ile sauti, na kwa vile nimetajwa, nitaitwa niitambue.

Kortini wakacheza kaseti. Salamu zilipofika watu wakacheka, hakimu akawanyamazisha. Yule mzee hakucheka. Alisema, "Huo wimbo nilimwimbia mke wangu tukimzika. Nilimtumia mtoto wetu ng'ambo, kwa sababu alikosa nauli ya kuja. Rafiki zake wakauweka huko kwa kompyuta. Sasa unachezwa kwa baa."

Mimi sikuwa najua wimbo unaweza kuwa na mtu ndani hivyo.

Nikapewa Biblia, nikaapa, hakimu akauliza: "Mama, hii sauti ni ya nani?"

Nikisema kweli, mtoto anafungwa. Nikidanganya, nimeapa kwa Mungu. Nikamwangalia Boaz. Hakimu akauliza tena.

"Ni yangu," Boaz akasema kizimbani. "Ni mimi, mheshimiwa. Mathe msimuulize."

Miezi sita.

Kwa hivyo muulize wako. Wimbo umetoka wapi, ni wa nani. Muulize hata kama atanuna, hata akikuita mshamba.

Siku hiyo nikitoka kortini nilikutana na yule mzee mlangoni. Nilitaka kumpa pole ya mke wake. Nikamshika mkono tu. Hakuutoa.