Dumu la Nane

Gari lilikuwa halijafika hata kona ya kwanza, na Mama Pampu alikuwa ameshaitazama geji ya tangi la povu mara nne. Imejaa. Hilo ndilo lililokuwa likimkata maini. Jina walimpa wenzake wa zimamoto, kwa kuwa kituo kizima hakuna aliyeijua pampu kama yeye, na yeye alilivaa kama cheo.

Jana wakaguzi walikuwa njiani na geji iko chini ya mstari. Alikwenda stoo, akabeba madumu mawili ya dawa ya povu, akamimina. Geji ikapanda, wakaguzi wakatia sahihi na sifa juu. Kumbe madumu yalikuwa ya kiwanda kingine. Rangi ileile, harufu ileile, lakini dawa mbili tofauti zikikutana huweza kuganda kama uji uliolala, na uji haupiti kwenye bomba. Aligundua asubuhi hii alipoisoma lebo ya dumu tupu. Akajiambia atalimwaga tangi kimyakimya, akishamaliza chai. Kengele ikalia chai ikiwa bado ya moto.

"Ni bohari ya mafuta," kamanda alisema kutoka kiti cha mbele. "Petroli imemwagika pale wanapopakilia, inawaka. Mpakiaji mmoja amekwama juu ya jukwaa, moto umezunguka ngazi."

Mpakiaji wa zamu ya asubuhi alikuwa mdogo wake Mama Pampu, wa tumbo moja.

Akinyamaza, pengine dawa haijaganda yote, pengine itatoka. Akisema, kibarua kimeota nyasi. Aliogopa, tena sana, na alijichukia kwa kupiga hesabu hiyo.

"Afande, tangi usilitegemee. Nimechanganya dawa."

Dereva alikohoa. Kamanda akageuka taratibu. "Umefanya nini?"

"Nimechanganya. Jana. Tutumie madumu ya akiba, yako manane huko nyuma. Nitanyonya kwa mpira moja kwa moja, bila kupitia tangi."

"Manane ni dakika ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Wewe mama," kamanda alisema, akageukia barabara. "Tutaongea."

Walimkuta mlinzi wa bohari akikokota mpira wa maji. Mama Pampu alimnyang'anya. "Petroli inaelea juu ya maji, kaka. Utautembeza moto mpaka kwenye matangi."

Akazamisha mpira wake kwenye dumu la kwanza, akaweka kipimo kwenye sita: sehemu sita za dawa, tisini na nne za maji. Mwenye bomba hakuulenga moto. Aliupiga ukuta wa nyuma, povu likateleza chini na kutambaa juu ya petroli, kama mtu anavyomfunika mgonjwa shuka. Juu ya jukwaa mdogo wake alikuwa amejikunyata, shati puani, upepo ukiupeleka moshi upande wa pili.

Dumu la tatu. La tano. Alihama dumu hadi dumu kama mpishi mwenye masufuria manane motoni, akigombana na vifuniko. Kwenye la saba ndimi za mwisho zikazama. La nane likakoroma, mpira ukanyonya hewa.

Chini ya jukwaa pakawa peupe kabisa. Mdogo wake alisimama, akashika ngazi, akashusha mguu.

Mama Pampu akanyakua kipaza sauti cha kamanda. "Baki hapohapo. Ukilikanyaga povu linafunguka, na petroli bado iko chini yake, itawaka tena."

"Si muongeze jingine basi, dada?"

"Linakuja. Kituo cha pili wanaleta."

"Saa ngapi?"

"Nusu saa."

Mdogo wake alikaa, miguu ikining'inia juu ya weupe ule. Povu halingoji mtu: maji yake huchuruzika, mapovu yakapasuka moja moja. Karibu na ukuta palikuwa tayari na doa jeusi, ukubwa wa sinia.

"Dada," aliita tena, bila hasira, kama anayeuliza njia. "Gari lenu si lina tangi kubwa lile? Limeisha lote?"

Kamanda alitazama viatu vyake. Mwenye bomba naye akatazama vyake. Mama Pampu alibonyeza kitufe cha kipaza sauti, akaachia, akabonyeza tena. Kilivuma mkononi mwake, kiwanja kizima kikisikia, na mdogo wake akainamisha kichwa kidogo ili asikie vizuri.