Kompyuta Mpya Haitoki Sebuleni

"Ukiitoa hiyo mpya sebuleni, usiniite baba."

"Na filamu isipofika kesho, Baba, hakuna atakayeniita kazini. Basi wote tutakaa bila kuitwa."

Nilitoka jikoni mikono ina povu. Mume wangu alikuwa kasimama mlangoni mwa chumba cha binti yetu, kauziba mlango wote. Binti kaketi sakafuni, macho kwenye kioo cha kompyuta yake kuukuu.

Tunamwita Kamera, maana tangu shule kifaa hicho hakijamtoka mkononi. Safari hii chuo cha wauguzi kilikuwa kimempa kazi yake ya kwanza ya maana, filamu ya kuwafundisha wakunga wapya. Picha zote zilikuwa ndani ya hiyo kuukuu, nayo ilizimika kila alipojaribu kuziunga. Ndiyo sababu baba yake akamnunulia mpya. Tulidhani kuhamisha mafaili ni kama kuhamisha sukari kutoka kopo hadi kopo.

"Inasemaje?" nikauliza.

"Bado saa kumi na tisa."

"Asubuhi ilisemaje?"

"Saa tano."

"Kwa hiyo inarudi kinyumenyume."

"Ndiyo, Mama. Na nikishayapata yote, nina kazi ya usiku kucha. Hesabu haikubali."

"Subira," baba yake akasema. "Mtoto hana subira."

"Baba Kamera, wewe subira yako huishia chai ikichelewa. Nipishe."

Akanipisha.

Kuukuu ilikuwa kitandani, juu ya mto. Bawaba ya kioo ilishavunjika, na mto ndio uliokuwa ukikiegemeza. Betri nayo ilikufa zamani, kwa hiyo ukichomoa umeme, inazima, na kuiwasha tena ni bahati. Haikuweza kutoka pale. Ile mpya ilikuwa sebuleni, mezani, juu ya kitambaa cha wageni, nayo ilikuwa imepigwa marufuku kutoka kule. Mafaili yalikuwa yanapita hewani, yakivuka kuta mbili.

Nilijifuta mkono, nikaigusa kuukuu kwa chini. Nikautoa mkono haraka.

"Hii inachemka."

"Imezeeka," Kamera akasema.

"Imezibwa pua. Huo mto umeikalia."

Nilisomea upishi chuoni na nina diploma yangu, na jambo moja nililotoka nalo ni kwamba keki ya moto ukiiacha juu ya kitu kisichopitisha hewa, inajiharibu yenyewe. Nikaleta wavu wa kupozea keki. Kamera akainua kompyuta taratibu bila kugusa waya wa umeme, nikapenyeza wavu chini, mto nikausogeza nyuma ya kioo. Nikawasha feni ya mezani, nikaielekeza pale.

Tukangoja. Feni ya ndani, iliyokuwa ikipiga kelele kama mgonjwa wa pumu, ikashusha sauti. Kumi na tisa ikawa kumi na tano. Ikawa kumi na moja. Ikagoma hapo.

"Si unaona," baba yake akasema. "Inashuka."

"Imeshuka hadi usiku wa manane, Baba. Kinachochelewesha sasa ni kuta. Nina waya wa kuunganisha mashine na mashine." Akauonyesha. Ulikuwa mfupi kama mkono wangu. "Tatizo hauna miguu ya kufika sebuleni."

Sote watatu tukajua tumerudi palepale.

"Ile haitoki," mume wangu akasema, lakini safari hii kwa sauti ya chini.

Nilijua kwa nini. Kaka yake alikuwa njiani kuja kututembelea, na huyo shemeji yangu ana tabia ya kuuliza, kila akija, kama Kamera bado anapiga picha za maharusi au ameshapata kazi. Baba yake alitaka mtu huyo aingie tu, macho yagongane na mashine mpya mezani.

"Ndugu yako akija," nikamwambia, "ataikuta mashine safi, na binti yako ndani analia. Utamwonyesha ipi kwanza?"

Akamtazama Kamera, ambaye kwa kweli hakuwa analia. Alikuwa anauviringisha ule waya kidoleni.

"Na yale yaliyokwisha kuvuka?" baba yake akauliza. "Tukikatiza, si yanapotea?"

"Yaliyovuka yamevuka, Baba. Tutaendelea na yaliyobaki."

"Una hakika?"

"Nimejaribu na mafaili mawili asubuhi. Yapo."

Akavuta pumzi. "Na shemeji yako ataionea wapi sasa?" akaniuliza mimi.

"Hapahapa. Akae kitandani, atazame mtu akifanya kazi."

Akacheka kidogo, bila kutaka. Halafu akageuka, na nikasikia hatua zake zikienda sebuleni. Kamera alinitazama.

"Katiza," nikamwambia.

Akabonyeza. Mstari wa kijani uliokuwa ukipima safari ya mafaili ukafutika kwenye kioo.

Baba yake akarudi na mashine mpya kaikumbatia kifuani kama anatoka nayo wodi ya wazazi, kitambaa cha wageni begani. Akakitandika kitambaa juu ya meza ya kupigia pasi, akaiweka, akaisogeza karibu na kitanda hadi waya ukafika. Kamera akachomeka upande huu, baba yake akachomeka upande ule.

"Haya," akasema. "Anza."