Jina la Kambini

Kambi ile ya vijana ilikuwa na desturi yake: siku ya kwanza Kocha anakutazama ukipanda mwamba, kisha anakupachika jina, na hilo ndilo utakaloitikia mpaka mwisho. Binti aliganda katikati ya mwamba, akalia, akateremshwa kama gunia. Kocha akamwita Mzigo. Wenzake wakalibeba jina hadi shuleni. Hata mdogo wake nyumbani akalidaka. Kwa hasira Binti alijifunza kamba mpaka akawa mwalimu wa kupanda miamba, kisha miaka baadaye akaomba kazi palepale, akapewa.

Kocha hakumtambua. Kitambi kilikuwa kinamtangulia, lakini mbele ya vijana wapya alitaka sifa.

"Dada, nishikie kamba. Watoto waone mwanamume anavyoshuka."

Akapita njia ya nyuma hadi kileleni, akajifunga, akaanza kushuka kwa madaha huku Binti akiilegeza kamba kutoka chini. Alipofika katikati, Binti akaifunga kwenye pete ya chuma iliyopigiliwa chini ya mwamba, akahakikisha imekaza, akakunja mikono.

"Dada! Imekwama?"

"Haijakwama. Nimeifunga."

"Acha utani, mkanda unanibana pabaya!"

Vijana wakaangua kicheko.

"Mimi ni Mzigo, Kocha. Umenisahau?"

Kocha akachungulia chini, akacheka. "Mzigo! Si unaona? Jina lile ndilo lililokutoa woga. Bila mimi ungekuwa nani leo?"

Maneno yalimchoma, maana swali hilo alikuwa amejiuliza mara nyingi bila jibu. Alikuwa amepanga kumteremsha akishaomba radhi. Sasa radhi hakuitaka tena.

Akawageukia vijana. "Ameganda huyo. Mpeni jina."

"Nguo Mbichi!"

"Popo!"

"Popo! Popo!" wakaitikia wote.

"Nitakufukuza kazi!" Kocha alifoka, akizunguka hewani.

"Nifukuze. Ila shuka kwanza."

Akamteremsha taratibu, makusudi, vijana wakiimba.

Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshafukuzwa. Alikuwa anavuka geti na begi lake alipomwona Kocha amewapanga vijana ili awape majina.

"Wewe msichana wa miwani! Kuanzia leo utaitwa..."

"Abee, Popo?"

Uwanja mzima ukalipuka. Swali la Kocha lilikuwa bado halina jibu, lakini Binti alicheka mpaka barabarani.