Umande Haujashuka

Mume wangu Felician alifundisha fizikia sekondari, na kwa miaka mitatu alinichosha kwa habari za jiwe moja la barafu lililo mbali kuliko sayari zote. Ni dogo mno kuonekana kwa darubini zetu. Unajua lipo pale tu linapopita mbele ya nyota na kuificha kwa sekunde chache. Yeye alishikilia kwamba lina mwezi wake mdogo. Wenzake walimcheka. "Tarehe kumi na nne litapita mbele ya nyota, tutaona," aliwajibu. Tarehe tisa ya mwezi uliotangulia, pikipiki ilimuua.

Sikulia. Si kanisani, si kaburini. Mimi ni nesi, nililetwa huku kikazi kutoka Bukoba, na watu walidhani kwetu ndivyo tulivyo. Mama mkwe wangu, Efrazia, aliwaambia waombolezaji kwamba macho yangu ni makavu kama changarawe. Hakusema uongo. Nilikuwa sisikii kitu, hata njaa. Tangu siku ile hajanywa chai ya mkono wangu.

Jioni ya tarehe kumi na nne nilipeleka darubini shambani kwa Efrazia, kijijini Hirbadaw, kwenye alama aliyoiweka Felician mwenyewe. Rafiki yake, mwalimu Kenneth, alikuwa Basotu na darubini nyingine. Nilikwenda kwa sababu jina langu lilikuwa kwenye orodha ya watazamaji, basi. Efrazia alikuja na kigoda, akakaa mbali kidogo, katikati ya maharage.

"Shikamoo mama. Chai ipo kwenye chupa."

"Marahaba. Nimeshiba."

Simu ililia ti, ti, kila sekunde, huku ikirekodi sauti yangu. Saa moja na dakika arobaini na mbili nyota ilizimika. "Imepotea," nilisema. Baada ya sekunde sita nikasema, "Imerudi." Nilingoja nifurahi, sikufurahi. Nusu dakika baadaye ikafifia, ikapotea tena. Sekunde nne. Nikasema vilevile, imepotea, imerudi.

Kenneth alipiga simu akihema. Wingu lilimfunika mara tu baada ya ile ya kwanza, kwa hiyo ya pili nilikuwa nayo mimi peke yangu, nikamwambia.

"Shemeji, ni mwezi! Felician alisema kweli! Wewe thibitisha tu, naituma taarifa sasa hivi, jina lake likitangulia."

"Subiri," nilisema.

Nilishika ule mpira wa darubini, pale jicho linapokaa. Ulikuwa umelowa.

"Umande," nilisema, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Efrazia alipapasa majani ya maharage. "Umande haujashuka."

Nikagusa shavu langu. Lilikuwa limelowa hadi kidevuni, nami sikujua. Nilikasirika, nakiri. Wiki tano machozi yamegoma, halafu yanakuja sekunde ambayo Felician anahitaji jicho langu!

"Anasema mwanangu alikuwa sahihi?" Efrazia aliuliza.

"Nikikubali, ndiyo."

"Na wewe uliona?"

Ningeweza kusema ndiyo. Efrazia mwenyewe aliitaka sifa hiyo ya mwanawe kuliko mimi.

"Niliona nyota imepotea, mama. Lakini nilikuwa nalia."

Nikarudi kwenye simu.

"Kenneth, ile ya pili usiihesabu. Jicho langu lilikuwa na machozi."

"Shemeji, una hakika? Nafasi nyingine ni baada ya miaka mingi."

"Andika hivyo hivyo."

"Na saa uliyolia aandike," Efrazia alisema.

Nilimsomea Kenneth kutoka kwenye rekodi ile "imepotea" ya pili: saa moja, dakika arobaini na mbili, sekunde hamsini na nane. Nilipokata simu, Efrazia aliniomba nirudie. Nikarudia. Aliitikia kwa kichwa taratibu, midomo yake ikizifuata zile namba, kama mtu anayeshika tarehe ya ubatizo.

Kisha akainuka, akaleta kigoda chake karibu na kiti changu.

"Haya, nimiminie chai," alisema.