Milimita za Bibi wa Milimani

Na ifahamike kwa wakubwa na wadogo, kwa wenye masikio ya kusikia na kwa wenye masikio ya pambo, kwamba mwanafunzi bora kuliko wote waliowahi kukaa mbele ya kioo cha Mwalimu Mvuke alikuwa ajuza wa miaka themanini na mmoja, mjane, mkulima, aitwaye Bibi wa Milimani, ambaye kila asubuhi alipima mvua kwa mkono unaotetemeka na kutuma kipimo chake darasani kabla majirani hawajapiga mswaki. Ajuza huyu alikuwa na kasoro moja ndogo. Hakuwahi kuzaliwa.

Alitungwa Jumamosi moja katika chumba cha kompyuta cha shule ya bweni ya wavulana, na kijana wa kidato cha tatu aliyekuwa akingoja soksi zake zikauke. Wenzake walimwita Balozi, kwa kuwa hata akiomba chumvi mezani aliomba kama anayesoma risala. Walimu walikuwa wamemkabidhi funguo za chumba kile, wakisema amejirekebisha. Fisi naye, akikabidhiwa bucha, siku ya kwanza husifiwa kwa utulivu wake.

Mwalimu Mvuke alifundisha sayansi mtandaoni, akiwa jikoni kwake, Jumatano jioni na Jumamosi asubuhi. Jina hilo alilipata siku ya somo la kwanza, alipofungua sufuria ya presha kabla ya wakati wake, akaungua nyusi zote mbili, kisha akaendelea kufundisha na kitambaa chenye maji kwenye paji la uso, akipiga kelele za furaha: "Mmeona? Mmeiona nguvu yake?" Tangu hapo watu walimfuata kama sisimizi wanavyofuata asali. Alikuwepo fundi cherehani aliyetaka kujua kwa nini uzi hukatika upande mmoja. Alikuwepo mama mwenye mimba ya miezi minane, aliyeuliza ni nani anayempumulia mtoto. Alikuwepo mtoto wa miaka saba aliyeuliza kama samaki hutoka jasho, na Mwalimu akalitolea swali hilo kipindi kizima. Alikuwepo dereva mstaafu wa lori, aliyeandika kila kitu kwa herufi kubwa kana kwamba anapiga honi.

Balozi alitaka tu kuona mtu mwenye moyo mwepesi vile anaweza kumeza uongo wa ukubwa gani. "Mwanangu Mwalimu," Bibi aliandika barua yake ya kwanza, "mjukuu wangu ameniachia simu, nami nimeona nisife bila kujua mvua inatoka wapi." Mwalimu aliisoma barua ile mbele ya watu wote, akafika katikati akashindwa, akageuka kuchungulia sufuria isiyokuwa na kitu. Ndani ya mwezi mmoja wakaongezeka wanafunzi mia mbili. Wengi wao walisema waziwazi: kama bibi wa miaka themanini na mmoja anaweza, mimi nani?

Balozi alicheka mpaka akabanwa mbavu.

Kisha ukaja mpango wa mvua. Kila mwanafunzi alitakiwa akate chupa ya plastiki, aifunge rula ubavuni, aiweke mahali pa wazi, na kila asubuhi atume milimita alizokuta. Na haikuwa mchezo. Ofisi ya hali ya hewa ilikuwa inatafuta mtu mmoja wa kusomeshwa na kukabidhiwa kituo cha kupimia mvua, kazi ya kudumu, bila kuulizwa cheti. Walitaka jina moja tu kutoka kwa Mwalimu Mvuke, jina la mtu ambaye vipimo vyake havina ujanja.

Aliyeitaka nafasi hiyo kuliko wote alikuwa mlinzi wa lango la shule ileile. Shule yake yeye iliishia darasa la nne. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewafungulia wengine geti la elimu, akabaki yeye upande wa bawaba. Chupa yake aliifunga juu ya nguzo fupi karibu na lango, akaikwangua lebo mpaka ikawa safi kama glasi ya mgeni. Saa tatu kila asubuhi, zamu yake ikiisha, alivaa miwani, akapiga goti moja ili jicho liwe sawa na maji, kama alivyofundishwa, akaandika.

Balozi, kwa makosa yake mengine ambayo hayahusu hapa, alikuwa na adhabu ya kufagia njia ya lango kila siku saa kumi na mbili na nusu. Naye alikuwa mvivu hata wa kudanganya. Kwa nini aumize kichwa kubuni milimita, na chupa iko pale? Alichungulia, akafagia mara mbili tatu kwa ajili ya macho ya watu, akaenda kufungua chumba cha kompyuta. Saa moja kamili Bibi wa Milimani alikuwa ameshatuma.

"Shikamoo, Waziri wa Matone," alikuwa akimsalimu mlinzi. "Mawingu yanasemaje leo?"

"Marahaba. Yanasema ufagie na nyuma ya nguzo."

"Sasa mzee, ukiipata hiyo kazi, sisi atatulinda nani? Chupa?"

Mlinzi alicheka pamoja naye. "Nikiipata, mwanangu, nitarudi siku moja na tai shingoni, nikufungulie geti kwa heshima tu."

Siku ya arobaini na moja iliangukia Jumatano. Jioni hiyo Mwalimu Mvuke hakuwasha jiko. Alionyesha grafu ya mvua.

"Huu mstari mwekundu ni wa Bibi," alisema. "Wa bluu ni wa ndugu yetu Mlinzi. Mimi mwenyewe nilidhani kompyuta imeharibika, kwa sababu niliona mstari mmoja. Ndugu Mlinzi, unanisikia?"

"Nakusikia, Mwalimu."

"Kutoka huko kwenu mpaka milimani ni safari ya siku nzima. Mvua hainyeshi sawasawa hata kati ya nyumba na choo. Tarehe tisa, Bibi saba na nusu, wewe saba na nusu. Tarehe kumi na mbili, tatu kwa tatu. Siku arobaini na moja! Bibi anatuma saa moja. Wewe unatuma saa tatu."

"Mwalimu, mimi nasoma chupa yangu."

"Usinifanye nikose adabu kwa mtu mzima." Mwalimu aliizima grafu. "Ningekusamehe kosa la kipimo, hata makosa mia. Hili si kosa la kipimo. Jina lako nimelifuta, na ofisi nimeshaiandikia."

Hapo ndipo Balozi angeweza kuzima kompyuta akaenda kula. Badala yake alikunja mikono ya shati, akaandika kwa niaba ya marehemu mtarajiwa: "Mwanangu Mlinzi, usilie. Hata mbuzi huchungulia shamba la jirani. Bibi yako nimekusamehe."

Watu mia mbili na zaidi wakatuma mioyo myekundu. Dereva mstaafu akapiga honi: "BIBI UNA ROHO NZURI KULIKO SISI SOTE." Mtoto wa miaka saba akauliza, "Mlinzi ni mwizi?" Swali likabaki pale kwenye kioo, likisomwa na kila aliyepita.

Kesho yake Balozi alilipeleka jambo hilo bwenini, na bweni likalibeba. Wavulana walipita langoni wamekumbatia madaftari yao vifuani. "Ficha, ficha! Asije akanakili!" Mmoja alimwomba mlinzi amwonyeshe saa yake, kisha akaomba radhi: "Samahani mzee, labda nayo umeitazamia kwa Bibi." Mlinzi aliwafungulia geti wote, mmoja mmoja, akawafungia. Usiku Balozi alijigeuza kitandani mpaka saa nane, akalaumu kunguni.

Lakini mlinzi hakuwa mtu wa kulia tu. Alikuwa ameokota darasani mambo mengi, na mojawapo lilikuwa hili: ukipata jibu usilolipenda, usigombane nalo, liulize swali. Yeye alijua hakunakili. Mvua nayo haina mkono wa kunakili. Basi yuko mtu anayesoma chupa yake kabla yake. Ijumaa hakukuwa na hata wingu. Jumamosi alfajiri, kabla wafagiaji hawajaamka, alichukua kikombe cha chai, akakinga maji bombani, akaenda nacho kwenye nguzo.

Siku hiyo saa nne darasa lilijaa. Saa sita mchana jina lilikuwa liende ofisini, na kila mtu alijua ni la nani. Jumatatu gari lingepanda milimani na chombo kipya cha kupimia, kumkabidhi Bibi mwenyewe. Balozi alikaa peke yake katika chumba cha kompyuta, dirisha wazi, spika amezipandisha mpaka mwisho ili asipitwe na utamu. Alfajiri alikuwa amechungulia chupa na kutuma, asitazame hata vumbi alilolifagia. Mpango wake ulikuwa kamili. Bibi angefariki Jumapili jioni. Tanzia alikuwa ameshaiandika: amelala usingizi wa amani, rula mkononi.

"Tusome vya asubuhi ya leo," Mwalimu alisema, na uso wake ulikuwa umerudiwa na mwanga. "Bibi, milimita ishirini na tatu! Mnaona milima inavyobarikiwa?"

"Mwalimu," sauti ikaingia, "naomba na mimi nisome. Hata kama haihesabiwi."

"Soma, ndugu Mlinzi."

"Sifuri. Jana huku hakukunyesha. Nyota zilikuwepo zote. Lakini kwenye chupa yangu mlikuwa na ishirini na tatu. Nilizimimina mimi, kwa kikombe. Maji ya bomba, Mwalimu."

Fundi cherehani akasema "Ala!" kama aliyejichoma sindano.

Mlinzi alikuwa akizungumza huku anatembea katikati ya majengo, simu mbele ya uso. Na alipofika chini ya dirisha la chumba cha kompyuta alijisikia mwenyewe akisema "maji ya bomba" mara ya pili, kwa kuchelewa kidogo, kutoka ndani. Balozi aliziendea spika. Mkono haukuwahi. Mlango ulishafunguka.

"Usizime, kijana," alisema mlinzi. "Bado tuko darasani."

"Bibi wa Milimani," Mwalimu aliita, taratibu sana. "Hujawahi kuzungumza nasi. Tafadhali fungua kipaza sauti."

Mtu anayezama hushika hata povu. Balozi alibonyeza, akabana koo, akatoa sauti ya kizee. "Shikamoo, Mwalimu."

Ajuza wa miaka themanini na mmoja alikuwa amemwamkia mwanamume wa miaka arobaini, tena katikati ya salamu sauti ikapasuka kama debe. Mtoto wa miaka saba akaangua kicheko. "Bibi ana sauti ya kaka!"

"Mwalimu," mlinzi alisema, "saa sita bado. Jina limeshaenda?"

"Halijaenda." Mwalimu alikuwa amejishika paji la uso, palepale palipoungua siku ile. "Lakini nilishawaandikia kwamba wewe ulinakili. Niliandika kwa mkono wangu huu. Hawatanielewa nikigeuka leo kwa maneno matupu. Namtaka aliyefanya hivi aseme kwa mdomo wake, ataje na shule yake, nirekodi, niwapelekee."

Balozi alipiga hesabu haraka. Hii ilikuwa shule yake ya tatu, na mama yake alishasema, akiwa ameshika ufunguo wa nyumba, kwamba ya nne haipo. Alimgeukia mlinzi na lile tabasamu lililomwokoa mara nyingi.

"Mzee wangu, jamani, ulikuwa mzaha tu."

"Najua," alisema mlinzi. "Nilikuwa ndani yake." Kisha akavuta kiti, akaketi kati ya Balozi na mlango.

Saa ya ukutani ilionyesha tano na nusu. Balozi alitafuta maneno yake makubwa, asipate hata moja. Akataja jina la shule. Akataja kidato chake.

"Hakuna Bibi," alisema. "Nilikuwa nasoma chupa ya mlinzi kila asubuhi nikifagia. Yeye hakunakili hata siku moja. Aliyenakili ni mimi. Na Jumatano, alipofutwa, nilijua ni kosa langu. Nikaandika yale ya mbuzi. Nikacheka. Mambo ya langoni, ya kuficha madaftari, nilianzisha mimi pia."

Hakuna aliyetuma moyo. Kwenye kioo walionekana watu wakitoka darasani, mmoja, kisha watano, kisha ishirini, wale waliokuja kwa ajili ya Bibi. Mwalimu Mvuke aliwatazama wakipungua. Halafu akavuta karatasi ya ofisi mbele ya kamera, ili wote waliobaki waone, akakata jina moja kwa kalamu, akaandika jingine juu yake. Mlinzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasoma mpaka mwisho.

Ndipo ukaingia ujumbe wa dereva mstaafu: "MTANDAO ULINITUPA NJE KIDOGO. NDIYO NARUDI. BIBI AMESHASOMA? HAJAMBO? NIMEMWANDALIA SWALI."

Mlinzi aliusoma, akaisogeza simu mbele ya Balozi.

"Mjibu mzee," alisema mlinzi.

"Mzee, si wengine wameshasikia, watamwam..."

"Amekuuliza wewe."

Balozi alikisogelea kipaza sauti.

"Babu," alisema, "Bibi ni mimi."

Dereva mstaafu akapiga honi: "SIJAKUELEWA, MWANANGU. RUDIA."

Akarudia.